Farasi hanywi maji akiwa ugenini, na mafunzo ni wikendi ijayo

Saisi_Nanyuki
Wadau, habari zenu. Mimi ni saisi, mtunza farasi, huku Nanyuki. Bosi ameniruhusu nimpande farasi wake mimi mwenyewe kwenye mafunzo ya wikendi kule Karen. Ni dume aliyehasiwa, zamani alikuwa wa mbio pale Ngong. Nyumbani ni mpole, hata watoto wa jirani wanampiga brashi.

Shida ni akitoka. Safari iliyopita tulimshusha kwenye lori, akanusa ndoo, akapuliza maji kwa pua, akageuka. Mpaka jioni ndoo imejaa vilevile, na mavi yanatoka madogo, makavu, kama kokwa za zambarau.

Halafu uwanjani akiona wenzake, anavuta hatamu mpaka mikono inakufa ganzi. Nikivuta, ndiyo anaongeza. Bosi amenunua lijamu kali, kile chuma cha mdomoni. Mimi roho inasita.

MamaZizi
Hongera kwanza! Si kila bosi anampa saisi nafasi hiyo.

Maji ndiyo ya kushughulikia mwanzo. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, na jua likiwaka huzidi. Akikosa, chakula kinamkaukia tumboni, na hapo msokoto wa tumbo hauko mbali. Anza leo, usingoje Ijumaa: tia molasi kidogo kwenye maji ya nyumbani mpaka azoee ladha, kisha ufanye hivyohivyo Karen. Haitamsumbua harufu ya dawa kwenye maji ya mfereji. Ndoo iwe yake ileile. Majani yake yaloweke kabla ya kumpa. Na uweke ndoo ya pili ya maji matupu, achague mwenyewe.

Timau_Juu
Mimi nabeba maji ya nyumbani kwenye mitungi ya lita 20, basi. Ni kama kilomita 200, na foleni ya Thika Road unaijua. Simameni Sagana, mpe maji humohumo kwenye lori. Ukifika, bana ngozi ya shingo uachie: ikichelewa kulala, amepungukiwa maji. Na usimpe chumvi za kuongeza nguvu farasi ambaye hanywi, utamzidishia.

Mzee_wa_Hatamu
Kijana, hao wa Ngong nimewapanda sana ujanani. Hiyo lijamu mrudishie bosi kwa heshima. Farasi wa mbio amefunzwa kuegemea lijamu akikimbia. Ukivuta mfululizo, unampa mahali pa kuegemea. Bana hatamu, achia. Bana, achia. Mzungushe duara kubwa, macho yako yatangulie unakokwenda. Mwombe mwalimu uingie uwanjani mapema, umtembeze taratibu kabla wenzake hawajaja. Nafaka punguza tangu Alhamisi, kwenye lori ale majani tu.

Molasi sina neno nayo, ila sisi tulikuwa tunatia konzi ya pumba kwenye ndoo. Anafuata pumba, anakunywa bila kujua.

Saisi_Nanyuki
Shikamoo mzee. Nimemsomea bosi jibu lako, akaguna, lakini lijamu limerudi kwenye boksi. Tutajaribu pumba, maana ziko tayari stoo. Dereva alitaka tuondoke Jumamosi alfajiri. Sasa tunatoka Ijumaa asubuhi ili apumzike.

MamaZizi
Vizuri sana. Basi Ijumaa hiyo umwingize zizini kabla jua halijatua, visubi vya jioni ndivyo vinavyoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness). Na kadi ya chanjo usiisahau kwa bosi.