Tupeane uzoefu: Ulipohamia Dar ukitokea mkoani, ulichaguaje mtaa wa kukaa?

Mleta mada

Habari za saa hizi wadau. Uhamisho umetoka, mwezi wa saba tunaiacha Mbeya tunakuja Dar. Ofisi yangu iko Mwenge, mume wangu kapata kazi kiwandani Vingunguti. Watoto wawili, mmoja yuko la pili, mwingine bado ananyonya. Hapa Forest tunakaa nyumba nzima yenye uzio, na nilipomtajia dalali mmoja wa huko kodi tunayolipa alicheka mpaka simu ikakatika.

Bajeti ni laki tatu kwa mwezi, tukijibana sana tatu na nusu. Kila ninayemuuliza ananiambia "nenda Goba, pazuri", "nenda Kigamboni, kuna upepo". Upepo haunifikishi kazini. Naomba mwenye uzoefu aseme ukweli wake: unakaa wapi, kazi iko wapi, unaamka saa ngapi, maji yanatoka, na mvua ikinyesha nyumbani panafikika?

Wa Kimara Korogwe

Karibu Dar dada. Mimi nilitoka Tabora 2017, kazi Posta. Sikuanza kutafuta nyumba, nilianza kutafuta kituo. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ulikuwa na kama mwaka tu tangu uanze, nikamwambia dalali anionyeshe chumba na sebule popote ambapo natembea kwa miguu mpaka kituoni, hata kama choo ni cha kuchangia. Akanizungusha kwanza Mbagala na Chanika, kwa nauli yangu, halafu ndiyo akanileta Korogwe.

Asubuhi hapa basi linapita limeshajaa, kwa hiyo wengi tunapanda kwanza la kurudi Kimara Mwisho tukaanzie safari kule. Wageni wanatushangaa tukienda kinyume na mjini. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi unajaa, Jangwani panafungwa, unaishia Magomeni na kuanza kutafuta njia nyingine. Hilo mtu wa Morogoro Road analijua kama anavyojua jina lake.

Jambo lingine: tazama kuta. Nilipofika nilikuta nyumba na fremu za kando ya barabara zimepigwa X nyekundu, na mwaka huohuo bomoabomoa ikaanza ili barabara ipanuliwe mpaka Kibaha. Jirani yangu fundi cherehani alikuwa ameshalipa fremu ya mwaka mzima. Leo barabara ni pana, inapendeza, ila hela yake hakuiona tena. Nyumba ikiwa ya bei poa na iko barabarani kabisa, uliza kwanza hifadhi ya barabara inaishia wapi.

Wa Goba

Waliokuambia Goba pazuri hawajakudanganya, ila waulize kama wana gari.

Kwa Mwenge mbona hakuna shida, unatokea Makongo. Kwa Vingunguti mzee atateseka. Halafu lami unayoisikia ni ya barabara kubwa, sisi wa ndani tuna milima na makorongo. Masika boda wanagoma kushuka kwetu, au wanataka nauli mara mbili. Buti zangu za mvua naziacha kwa dada wa genge pale lami, asubuhi nabadili viatu hapo napanda gari, jioni navaa buti nashuka nazo. Wako wengi wanaofanya hivyo, dada wa genge ana safu nzima ya buti chini ya meza ya nyanya.

Mimi sihami, nimejenga. Ila kwa kupanga, siwezi kukushauri.

Wa Kibada, Kigamboni

Kwa Mwenge na Vingunguti usije. Nimemaliza.

Ila ngoja niutetee mji wangu kidogo. Kibada ni sehemu ya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kwa hiyo mitaa imenyooka, kila nyumba ina njia, gari la zimamoto linaingia. Nenda maeneo mengi ya Dar utafute hicho kitu. Tangu daraja lifunguliwe 2016 huhitaji tena kutegemea pantoni peke yake, na tozo ya daraja ilishushwa 2022. Mimi nafanya kazi Kivukoni, navuka kwa mguu na pantoni, nikishuka nimefika. Mwenye kazi mjini kati hana sababu ya kuiogopa Kigamboni.

Maji ndiyo uulize nyumba kwa nyumba. Nyumba niliyopanga mwanzo ilikuwa na kisima, mwenye nyumba anakisifia, kumbe maji ni ya chumvi. Chai yenyewe ukimpa mgeni anaangalia kikombe. Siku ya kwenda kuona nyumba, fungua bomba uonje.

Wa Gongo la Mboto

Mimi nageuza na gari tu, yaani nalipanda likiwa linaenda mwisho wa njia ili likigeuka niwe nimeshakaa, sina hadithi ndefu. Kodi nafuu, usingizi wangu naumalizia kwenye siti.

Mleta mada

Nacheka kwa uchungu. Kugeuza na gari na mtoto mgongoni je? Na shule? Kuna aliyeniambia watoto wa Dar wanaamka usiku.

Mama wa Segerea

Mdogo wangu, wanaamka usiku kweli. Jirani yangu mtoto wake anasoma mbali, gari la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu. Mtoto anatoka na kipande cha mkate mkononi, hajala, macho yamefumba. Shule anayoweza kwenda kwa miguu au kwa kusindikizwa na dada ina thamani kuliko sebule kubwa, hilo mimi silijadili.

Sasa turudi kwenye swali lako, maana wote wamekueleza kwao, hakuna aliyeangalia ramani yako. Mwenge na Vingunguti vinaunganishwa na Mandela Road na Sam Nujoma. Wewe unatoka Tabata unapita Mandela mpaka Ubungo, unaingia Sam Nujoma, unashuka Mwenge. Baba kwake Vingunguti ni ng'ambo tu ya bonde la Msimbazi. Kwa hiyo tafuta Tabata, Kimanga, Segerea, ukizidiwa Kinyerezi. Ukienda Bunju au Tegeta kwa sababu ya kodi, kile unachookoa kitaliwa na nauli za watu wawili, na baba atawaona watoto Jumapili.

Ila upande huu una mabonde. Nilipokuwa natafuta, nilionyeshwa nyumba nzuri, vyumba viwili na sebule, jiko ndani, bei chini ya jirani zake. Nikazunguka nyuma. Ukuta umepakwa rangi mpya kuanzia chini mpaka usawa wa goti, juu yake rangi ya zamani imepauka. Nani anapaka rangi nusu ukuta? Nikamuuliza mama wa pembeni aliyekuwa anachambua mchicha, akasema, "Mwaka jana maji yalifika hapo, wakahama usiku na magodoro kichwani." Dalali alikuwa anaangalia simu.

Maji ya bomba: usiulize "maji yapo?", uliza yanatoka siku gani na kuna tenki la lita ngapi. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua maji jiji likaingia kwenye mgao, sisi wenye simtanki tulivuta siku kadhaa, wengine walikuwa kwenye foleni ya madumu. Umeme nao, uliza mita ni ya kwako peke yako au mnachangia. Na ukumbuke kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, ukinunua umeme, tangu 2021. Ni kodi ya mwenye nyumba hiyo, si yako. Mimi niliiandika kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye pango, na mkataba wenyewe tukaupeleka serikali ya mtaa. Mwenye nyumba alinuna, akasaini.

Dalali, Tabata

Mama ananiharibia biashara lakini hajasema uongo.

Dada wa Mbeya, nikuweke sawa kwenye hela usije ukashtukia mlangoni. Wenye nyumba wengi huku wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali wake mwezi mmoja. Kwa nyumba ya laki tatu ni milioni moja na laki nane, ongeza laki tatu yangu, hujabeba hata kitanda kutoka Mbeya. Ukipata anayepokea miezi mitatu, usimjadili sana bei. Kwa laki tatu Kimanga au Segerea unapata vyumba viwili, sebule na choo ndani, ila mara nyingi uwanja mnachangia na mpangaji mwingine. Nyumba nzima na uzio wake kama ya Forest, kwa hela hiyo, sogea Kinyerezi ndani au nenda kabisa Chanika.

Na dalali akikuambia "wahi, kuna mtu anakuja na hela jioni", huyo mtu mara nyingi hayupo. Sisi wenyewe tunajua.

Wa Kibaha, Maili Moja

Na sisi mtutaje. Kodi ya Kibaha ukiisikia utadhani bado uko mkoani, kwa sababu kweli uko mkoani. Ila kwa Vingunguti, hapana.

Mleta mada

Asanteni sana, nimesoma yote na mume wangu kasoma. Kigamboni tumeifuta, Goba tumeifuta kwa huzuni. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakuja kuona Segerea na Kimanga, watoto tunamwachia bibi yao.

Mama wa Segerea

Jumapili hapana. Jumapili Mandela ni nyeupe, utapendezwa na kila nyumba. Njooni mlale kwa ndugu upande huu Jumapili usiku, Jumatatu kabla ya saa kumi na mbili muwe kituoni, malori ya bandarini yakiwa barabarani na watu wakigombania milango. Wewe panda la Mwenge, baba aelekee Vingunguti, kila mtu aangalie saa yake. Dalali asiwepo. Jioni mkirudi, mkiwa mmechoka hivyohivyo, ndiyo mkaangalie nyumba.

Dalali, Tabata

Jioni nitakuwepo. Hela ya usumbufu iko palepale.