Naomba ushauri: kambi ya kutazama ndege

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mwezi ujao tunakwenda kundi zima kupiga kambi nje ya mji kutazama ndege, na ratiba nimekabidhiwa mimi.

Kinachoniumiza kichwa ni asubuhi. Ndege huimba sana kuanzia kabla jua halijachomoza, joto likipanda wengi hunyamaza. Sasa watu waliokesha wakipiga soga kando ya moto nitawaamshaje bila ugomvi?

Halafu kuna mwenzetu hupenda kucheza sauti za ndege kwenye simu ili wajitokeze. Mimi sipendi kabisa. Dume akiisikia hudhani mpinzani kaingia eneo lake, basi anaweza kuacha kulisha makinda aje kuzungukazunguka juu ya simu, manyoya yamemsimama. Nimwambieje bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake?

Darubini nafikiria 8x42 (yaani inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42), maana inaonyesha eneo pana na alfajiri inapitisha mwanga vizuri kuliko 10x42. Wavaa miwani mnaionaje?

Na mahema tuyasimamishe mbali kiasi gani na maji, tusije tukawazuia ndege kushuka kunywa? Mliowahi kuongoza safari kama hizi, nisaidieni tafadhali.