Maoni yetu yaliandikwa kabla hatujafungua vinywa

Mkereketwa wa Langoni:
Ndugu zangu, sina haja ya kumtaja yule bwana wa kikao cha leo, kwani kila aliyewahi kukaa uwanjani Mkunguni hapa Lamu anakijua kicheko chake, ambacho husikika hadi kisiwa cha Manda upepo ukiwa wa kusi. Asubuhi hii tuliitwa tutoe maoni kuhusu bajeti ya kaunti, na kabla ya neno lolote tukapitishiwa karatasi ya mahudhurio, kwa kuwa asiyetia saini hapati nauli. Bi mkubwa mmoja aliyeondoka Kizingitini alfajiri akainua mkono aulizie gati lao, naye bwana huyu, pasipo hata kumtazama, akamjibu: "Bi mkubwa, wewe kula mahamri, maoni yako tushayaandika."

Tushayaandika! Ripoti ilikuwa mezani, imechapwa na kutiwa jalada la buluu, ikisema kwamba wananchi waliunga mkono kwa kauli moja, ilhali kauli moja niliyoisikia mimi ukumbini ni ya kuomba chai iongezwe sukari. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinaliamuru bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, hakisemi liwalishe. Wala sisi si wageni wa mambo haya, maana leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Kwasasi ilifutwa mwaka 2019 na jopo la kitaifa la mazingira, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Leo tunaambiwa tule mahamri! Mama wa umri wa kumzaa!

Nahodha Mstaafu:
Pole sana. Swali langu ni moja tu: uliyala au hukuyala?

Mkereketwa wa Langoni:
Mzee wangu, hilo halimo katika Kifungu cha 196.

Nahodha Mstaafu:
Basi aliyala.

Binti Faza:
Nyinyi wa mjini angalau mnaalikwa. Kakangu alipoomba kitambulisho aliambiwa alete cha babu yake, kisha akaketishwa mbele ya kamati ya kuhakiki uraia kana kwamba ameokotwa baharini, na hadi agizo la Februari 2025 lilipoziondoa kamati hizo, chaguzi za 2017 na 2022 zilikuwa zimeshampita. Asiye na kitambulisho hapigi kura, wala hakuna anayemtafuta kwa mahamri.

Mkazi wa Mokowe:
Dada, huku vitambulisho tunavyo, ila usiku wa kuamkia uchaguzi huja mtu "kutuhifadhia" kwa noti mbili, akavirudisha vituo vikishafungwa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 ipo, na mhifadhi wetu naye yupo, anatusalimia kila Ijumaa.

Mkereketwa wa Langoni:
Naomba turudi kwenye ile kauli aliyoambiwa bi mkubwa.

Mvuvi wa Pate:
Tumeisikia, ndugu. Sisi vikao vyote huitishiwa mjini wakati maji yamekupwa na mkondo wa Mkanda, njia yetu ya mashua, haupitiki, kisha ripoti huandika kwamba watu wa visiwani hawakuonyesha hamu ya kushiriki.

Binti Faza:
Kweli kabisa. Kikao kijacho nasikia ni Jumanne. Nani anajua maji yatajaa saa ngapi?