Naomba ushauri: kulaza shingo ya baiskeli ya milimani

Wakuu, habari zenu. Naendesha baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, kwenye njia za miguuni mwa Mlima Meru. Pembe ya shingo (bomba la mbele la fremu, usukani unapozungukia) ni digrii 68, foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) inabonyea milimita 130. Kwenye mteremko mkali usukani unakuwa mwepesi mno na gurudumu la mbele linataka kujikunja. Jumapili nilirushwa mbele, kiwiko bado kinauma.

Upepo wa shokapu nimepima: nikikaa, kipete cha mpira kwenye shokapu ya nyuma kinasogea asilimia 28 ya mwendo wake, kiasi cha kawaida, kwa hiyo sidhani tatizo liko hapo. Kile kipande cha kugeuza panaposhikwa shokapu nimekigeuza, shingo ikalala kama nusu digrii. Utulivu umeongezeka kweli, lakini fremu imeshuka na pedeli zinagonga mawe nikipanda. Inakera sana.

Sasa nifunge hedseti (beringi za shingoni) ya kulaza shingo digrii 1, au foku ya milimita 150? Foku ndefu ingeinua pedeli kidogo, ila naogopa fremu kupasuka shingoni. Aliyewahi kujaribu mojawapo anisaidie, tafadhali.