Mwenye nyumba anataka tupishe wageni wa baridi Januari hadi Machi, tufanyeje? (Fort Myers, Florida)

Mgeni_Kaunti_Lee:
Wakuu heshima kwenu. Familia ya watu wanne, tunaishi Fort Myers mwaka mzima. Mkataba wa pango unaisha 31 Desemba. Mwenye nyumba anasema Januari hadi Machi nyumba itakaa wazee wanaokimbia baridi ya kaskazini, sisi tuondoke halafu turudi Aprili kwa mkataba wa miezi tisa. Mmoja wetu anafanya kazi hotelini, mwingine ni mhudumu mgahawani, na wote tumeshaambiwa shifti zitapungua kuanzia Mei. Maswali: ana haki ya kututoa? Tukikubali, kuna mitego gani? Na mafao ya kukosa kazi yanaweza kuziba pengo la kiangazi?

Karani_wa_Mikataba:
Ana haki. Florida haina ukomo wa pango, na mkataba wa muda maalumu ukiisha halazimiki kuhuisha. Soma kipengele cha notisi: mikataba mingi ya mwaka inataka upande usioendelea utoe taarifa siku 30 hadi 60 kabla. Kama mkataba uliisha zamani na mnalipa mwezi kwa mwezi, notisi ni siku 30 kabla ya mwezi wa pango kwisha. Hiyo ni tangu 1 Julai 2023. Zamani zilikuwa 15, na bado kuna watu mitandaoni wanaitaja hiyo ya zamani.

Msijaribu kung'ang'ania baada ya 31 Desemba mkisema "wageni watasubiri". Sheria inamruhusu kudai pango maradufu kwa muda wote mtakaokaa bila idhini, na kesi ya kuhamishwa ikishafunguliwa inabaki kwenye rekodi. Kila mwenye nyumba mtakayemwendea ataiona.

Mtego unaosahaulika ni amana. Mkitoka, ana siku 15 kuirudisha kama hana madai, au siku 30 kuwatumia barua ya madai. Maana yake hela inaweza kukwama hadi mwisho wa Januari, wakati huo huo nyumba mpya inataka pango la mwezi wa kwanza, la mwezi wa mwisho na amana. Wengi hukwama hapo, si kwenye pango lenyewe. Mpeni anwani yenu mpya kwa maandishi, na pigeni picha kila chumba siku ya kukabidhi ufunguo.

Mama_Hesabu:
Naongezea upande wa kodi ya serikali, maana hapa watu huumia bila kujua. Mkataba wa makazi wa miezi sita au chini yake unatozwa kodi ya mauzo ya jimbo, 6%, na juu yake kodi ya utalii ya kaunti, ambayo kwa Lee, kaunti ya Fort Myers, ni 5%. Mkipata mahali pa kujishikiza kwa dola 3,000 kwa mwezi, hiyo ni angalau 330 za ziada kila mwezi, 990 kwa miezi mitatu. Mkataba wa maandishi unaozidi miezi sita hautozwi. Kwa hiyo ule wa miezi tisa ni salama, wa miezi mitatu ndio unaowakamua. Ongezeni stoo ya kuweka vyombo, kuhama mara mbili, na watoto kubadilishiwa basi la shule katikati ya mwaka. Punguzo lote la Aprili linaliwa na Januari.

Ushauri wangu: msikubali mpango wa kupisha. Mkiukubali mara moja mtaufanya kila mwaka.

Dalali_Mstaafu:
Naungana na Mama Hesabu, ila kabla ya kuhama mjaribuni kwa hesabu zake mwenyewe. Mwenye nyumba huona bei ya sizoni (miezi ya wageni wa baridi) tu, ambayo inaweza kufika maradufu ya pango la kawaida. Haoni kamisheni ya wakala, usafi, umeme, maji na intaneti vinavyomhusu yeye, fanicha kamili hadi vijiko, na wiki za nyumba kukaa wazi kila upande. Wekeni namba hizo kwenye karatasi moja, kisha pendekezeni mkataba wa miezi 17, kuanzia 1 Januari hadi 31 Mei ya mwaka unaofuata, kwa nyongeza ndogo ya pango.

Kwa nini Mei? Mpangaji ambaye mkataba wake unaisha Novemba, Desemba au Januari anagombea nyumba na watu wenye pensheni na nyumba nyingine Michigan, Ohio au Ontario. Baada ya Pasaka wanaondoka na nyumba zinarudi sokoni. Mei mnachagua, mnaweza hata kuomba punguzo. Mkichelewa hadi Agosti au Septemba bei bado ni nzuri, lakini mnahama katikati ya vimbunga na shule zimeshafunguliwa.

Akikataa, tafuteni nyumba isiyo na fanicha, mashariki ya barabara kuu ya I-75, Lehigh Acres kwa mfano. Wageni wa msimu wanataka fanicha, bwawa na ufukwe karibu, kwa hiyo mwenye nyumba wa huko hana kishawishi. Epukeni majengo ya chama cha wamiliki kama muda ni mfupi: chama lazima kiidhinishe mpangaji, na hilo linaweza kula wiki kadhaa.

Shifti_Mbili:
Kwenye mafao wengi hukosea tarehe. Florida huangalia robo za mwaka (miezi mitatu mitatu): nne za mwanzo kati ya robo tano zilizokamilika kabla hujaomba. Ukipunguzwa Mei na ukaomba Mei, robo inayohesabiwa mwisho ni Oktoba hadi Desemba. Januari hadi Machi, yaani mapato yako makubwa kuliko yote, HAYAMO. Ukisubiri hadi Julai yanaingia.

Masharti mengine: jumla ya mshahara katika robo hizo angalau dola 3,400, uwe umelipwa katika robo mbili au zaidi, na jumla ifike mara 1.5 ya robo yako kubwa. Mfano: robo kubwa ni 8,000, basi jumla lazima iwe 12,000. Anayefanya kazi sizoni tu huanguka hapa, kwa sababu karibu mapato yote yako kwenye robo moja. Shifti mbili tatu za Novemba na Aprili zinaweza kukuokoa.

Malipo ya wiki ni robo kubwa gawanya kwa 26, lakini hayazidi dola 275, na ukosefu wa ajira ukiwa chini yanakoma wiki 12. Kwa mhudumu: bakshishi isiyotangazwa haipo kwenye rekodi, kwa hiyo inashusha robo zako. Shifti zikipunguzwa bila kufukuzwa bado unaweza kuomba. Dola 58 za kwanza unazopata kazini kwa wiki hazipunguzi mafao. Ukiacha kazi mwenyewe kwa hasira, sahau. Na lazima uwe na kibali halali cha kufanya kazi.

Fundi_Koki:
275 kwa wiki hailipi pango la familia ya wanne, tuseme ukweli. Kazi ya kiangazi imo humo humo kwenye nyumba walizoziacha. Wageni wakiondoka Aprili, nyumba zinabaki zimefungwa hadi Oktoba au Novemba, na adui namba moja ni unyevu. AC ikizimwa kabisa, ukungu huota kwenye makabati na nguo.

Anayelinda nyumba hupita kila wiki au wiki mbili. AC inawekwa nyuzi 78 hadi 80 za Fahrenheit, yenye kidhibiti unyevu ukae chini ya 60%. Mfereji wa kutolea maji ya AC ukaguliwe. Ukiziba kwa utelezi, ama AC inajizima ama maji yanamwagika darini. Koki kuu ya maji ifungwe, na hita ya maji izimwe kwenye sakiti, maana elementi ikiwaka bila maji inaungua. Lakini kila mkaguzi akija, afungue maji na kumwaga kidogo kwenye kila sinki, bafu na choo. Mitego ya maji (ile mikunjo ya bomba chini ya sinki) ikikauka, harufu ya maji taka na mende huingia. Piga picha zenye tarehe, kwa sababu kampuni za bima huuliza kama nyumba ilikuwa inaangaliwa.

Mipaka: kata bima ya dhima kabla ya kushika ufunguo wa mtu. Usiguse nyaya wala mabomba bila leseni ya ukandarasi, na usimpangishie mwenye nyumba wageni kwa malipo, hiyo inataka leseni ya udalali. Ukikubali bustani, kumbuka Lee inakataza mbolea ya naitrojeni na fosforasi kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba. Kisha andikeni kwenye makubaliano nani anafunga vizuizi vya madirisha kimbunga kikitangazwa. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kimbunga Ian kilipiga 28 Septemba 2022, wenye nyumba wengi wakiwa mbali.

Nesi_Usiku:
Mambo ya afya sogezeni yote kiangazi: vipimo vya mwaka, meno, macho, na kujiandikisha kwa daktari mpya. Januari hadi Machi mgonjwa mpya husubiri sana. Mkilazimika kwenda sizoni, ombeni jina liwe kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa na muwe tayari kuitwa siku hiyo hiyo. Dawa za kudumu ombeni za siku 90 mwezi Desemba.

Barabarani, Februari na Machi timu za besiboli za Red Sox na Twins hufanya mazoezi Fort Myers, na michezo mingi huanza kama saa 7 mchana. Epukeni Daniels Parkway saa moja kabla. Makutano yasiyo na taa, kata kulia halafu geuza mbele; kusubiri kukata kushoto kwenye barabara kuu ya US 41 ni kupoteza muda na bampa.

Mama_Hesabu:
Kabla hatujawalaumu wageni kwa kila kitu: nyumba zao za pili hazina kinga ya makazi ya kudumu. Nyumba ya mkazi, thamani ya kukokotolea kodi ya majengo haipandi zaidi ya 3% kwa mwaka. Za wengine inaweza kufika 10%, na kwa sehemu ya shule hata ukomo huo haupo. Wanalipia shule ambazo hawana watoto ndani yake. Ubaya ni kwamba nyumba unayopanga nayo haina kinga hiyo, na mzigo unaletwa kwako kupitia pango. Mkifikia kununua, muwe mnamiliki na kuishi humo kufikia 1 Januari, na muombe kinga hiyo kabla ya kupita 1 Machi. Ukikamilisha ununuzi tarehe 5 Januari umesubiri mwaka mzima.

Mgeni_Kaunti_Lee:
Asanteni sana. Tutapeleka pendekezo la miezi 17. Akikubali kwa mdomo tu?

Karani_wa_Mikataba:
Mdomo hauna maana, hasa kwa muda unaozidi mwaka mmoja. Andikeni, pande zote zisaini. Mpe tarehe ya mwisho ya kujibu, 15 Oktoba kwa mfano, na msisimamishe kutafuta nyumba nyingine mkimsubiri. Na asiingize kipengele cha kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30 "akipata mgeni wa msimu". Kikiwemo, miezi 17 ni ya kwenye karatasi tu.