Kazi tatu zimekuja pamoja, nichukue ipi?

Wakuu, karakana yangu ya kuchomelea ina mashine moja na kijana mmoja, kwa hiyo nashika kazi moja tu. Kuna grili 14 za madirisha za sentimita 150 kwa 120, nyumba haijapigwa plasta, mteja atalipa kazi ikiisha. Kuna geti la futi 12, mwenyewe analeta vyuma. Na kuna geti bovu la kutu, anataka nimzibie chini. Nipeni mawazo.

Cheche
La kuziba liache. Maji hutuama ndani ya bomba la chini, kwa hiyo kutu unayoiona nje ni ndogo kuliko iliyo ndani. Gonga kwa nyundo: pakibonyea, ukichomelea utaziba tundu moja ufungue mawili. Akikubali bomba lote la chini likatwe liwekwe jipya, hapo mnaongea.

Fundi Mraba
Grili ndizo zenye hela, ila si kwa masharti hayo. Kwa bomba la milimita 25, fremu moja inakula bomba zima. Fito za kati, za bomba hilohilo, weka 12 kila grili. Uwazi unabaki kama sentimita 9. Zikate 115, siyo 120, maana zinakaa ndani ya fremu. Bomba nyingi za dukani ni mita 5.8: kwa 115 unapata vipande vitano hata ukihesabu kinachoondoka na diski, kwa 120 unapata vinne tu. Jumla bomba 48 badala ya 56. Hizo nane ndiyo faida yako, mkuu.

Vyuma vyote alipie kabla hujakata. Ufundi alipwe kila grili tano zikifika. Na usipime leo! Plasta inakula sentimita moja na nusu hadi mbili kila upande.

Muuliza swali
Akigoma kutanguliza hela?

Mama Grainda
Basi chukua geti, lakini vyuma vipime unene kwa vernia (kile kipimo cha milimita) mbele yake. Geji ni namba ya unene, ikipanda chuma ni chembamba: geji 18 kwa futi 12 italegea, na lawama zitakuja kwako. Dai geji 16, yaani karibu milimita 1.5, na uiandike kwenye risiti. Rodi, diski, bawaba na rangi ya kuzuia kutu kubalianeni nani ananunua. "Naleta vyuma" kwa wateja wengi ni bomba tu.