Liyongo wa kitovu wazi: kikaragosi cha shule kiwe au kisiwe?

Mzazi wa Langoni: Assalaam aleikum wana-Amu, watu wa Lamu. Shule ya watoto wetu imetoa kikaragosi kipya cha michezo: Fumo Liyongo mdogo, yule shujaa wa tendi zetu za kale, mashavu kama maandazi, mato makubwa, amepiga goti amevuta uta. Atachapwa kwenye fulana, na siku ya mechi mtoto mmoja atavishwa kinyago chake. Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Yafaa, ama shujaa amefanywa mwanasesere?

Fundi Jahazi: Yafaa sana. Wangu wa darasa la tatu alikuwa hamjui Liyongo. Yeo tangu alfajiri anisumbua nimhadithie. Na afadhali huyu kuliko simba na tai wa kila shule.

Bi Mkubwa wa Mkomani: Wanangu, picha mmeitazama? Kitovu kiko nje! Mtu hakudhuriwa na mkuki wala mshale, dawa yake ilikuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri akamtobolea mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Nyinyi mwamvua shati adui aone pa kulenga. Na goti hilo si la mchezo: ndivyo alivyokufa pale kisimani, uta mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mwawavika watoto maiti.

Fundi Jahazi: Bibi, ni katuni.

Mtu wa Kipini: Kabla ya kitovu, ruhusa mmeomba kwa nani? Kaburi lake laonyeshwa huku kwetu. Watu wa Amu kwa kuazima hamjambo, kesho mtasema na mto Tana ni wenu.

Mjukuu wa Shela: Kuazima! Muhamadi Kijumwa, mshairi aliyeandika utendi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa mtu wa wapi? Bila kalamu ya Amu, shujaa wenu angebaki kaburi la kulaliwa na mbuzi.

Mtu wa Kipini: Mbuzi wetu wana adabu kuliko punda wenu. Mtu hapiti uchochoroni asipigwe na shehena ya mchanga, halafu mwatufunza heshima ya makaburi.

Mzazi wa Langoni: Jamani, punda wametoka wapi? Nimeuliza fulana.

Kijana wa Makuti: Mimi simtaki kwa sababu moja: ni wa Pate. Pate na Mazrui wa Mombasa ndio waliotushukia kwa vita Shela 1812, au 1813, maji yakapwa majahazi yakakwama, tukawamaliza. Leo tuwashangilie?

Bi Mkubwa wa Mkomani: Sultani wa Pate ndiye aliyemfunga! Tupa ikatiwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani pumba, Liyongo akakata minyororo huku ngoma ya gungu yapigwa nje. Na hayo yalitangulia Shela kwa karne kadhaa. Soma kwanza, usikurupuke.

Kijana wa Makuti: Nimesoma. Shida yenu wa Mkomani, wa nyumba za mawe, mwadhani elimu haikuvuka ukuta wenu ikatufikia sisi wa nyumba za makuti.

Bi Mkubwa wa Mkomani: Nani ametaja mawe? Nimetaja tupa.

Kijana wa Makuti: "Usikurupuke" waambiwa watu gani? Twajua.

Mjukuu wa Shela: Ni 1812. Usiandike "au".

Fundi Jahazi: Basi goti libaki, avishwe kanzu, kitovu kifunikwe. Tumemaliza?

Bi Mkubwa wa Mkomani: Kanzu vitani?

Mtu wa Kipini: Hamjamaliza. Chini ya picha andikeni "kaburi liko Kipini". Na mbuzi mmoja pembeni.